Begi la Mgongoni na Pori la Munguli

Mara ya kwanza nilipoondoka Nduguti kwenda kulala porini na wawindaji wa Kihadzabe, begi langu lilikuwa na uzito wa mtoto wa darasa la pili. Lilibeba hema, kigodoro cha sponji, makopo sita ya samaki, sufuria mbili, mchele kilo tatu, viatu vya akiba na taa ya sola ya kuning'iniza. Mwenyeji wangu, mzee wa Munguli mwembamba kama fito, alikuwa na upinde, mishale saba, kisu kiunoni, kishoka begani na vijiti viwili vya kupekechea moto. Alilizunguka begi langu, akalinyanyua kwa mkono mmoja, akaliachia lidondoke.

"Mwalimu," akauliza, "tunakwenda kuwinda au unahama?"

Kufika saa saba mchana makopo manne nilikuwa nimeshawagawia wachungaji tuliokutana nao njiani, na mchele nimeuficha juu ya mwamba nikitumaini kuukuta wakati wa kurudi. Sikuukuta. Nyani walinitangulia.

Nimekwenda mara kadhaa baada ya hapo, na kila safari begi limepungua. Ninayoandika hapa ni kwa ajili yako unayetaka kuingia pori la bonde la Eyasi kwa miguu, kila kitu kikiwa mgongoni, ulale usiku mbili au tatu na uone kwa macho yako jinsi mnyama anavyofuatwa kwa upinde. Kitu kimoja ukishike tangu mwanzo: huku, uzito wa begi unaamuliwa na maji. Panga maji kwanza, ndipo ujue umebakiwa na nafasi gani ya vitu vingine.

Unakokwenda

Nduguti ni makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Ukitokea Singida mjini unafuata barabara kuu ya kuelekea Nzega na Mwanza, unaiacha pale Iguguno na kukata kulia. Nduguti yenyewe ni nchi ya juu: mawe makubwa, alizeti, mtama, vitunguu, Wanyiramba na Wanisanzu wakiwa kwenye mashamba yao. Kutoka hapo ardhi inashuka kuelekea kaskazini, upande wa Mwangeza na Munguli, mpaka bonde la Ziwa Eyasi. Unashuka na joto linapanda. Mashamba yanakatika, migunga na mibuyu inashika.

Mto Sibiti unatoka Ziwa Kitangiri na kumwaga maji yake Eyasi. Ukivuka Daraja la Sibiti umeingia Meatu, Mkoa wa Simiyu, na ukiendelea kaskazini utakutana na Hifadhi ya Jamii ya Makao kisha Pori la Akiba Maswa. Upande wa mashariki kuna bonde la Yaeda, Wilaya ya Mbulu, Mkoa wa Manyara, ambako Wahadzabe wa Yaeda Chini walipata hati zao za kimila za ardhi mwaka 2011. Nakutajia mipaka hii kwa sababu porini hakuna uzio. Unaweza kuamka Mkalama ukala mchana kwenye eneo lenye sheria nyingine na askari wengine. Pakua ramani kwenye simu kabla hujatoka Nduguti. Simu itakuonyesha ulipo hata mtandao ukikatika, na utakatika. Pawabenki moja iliyojaa inatosha siku tatu kama huchezi na simu.

Nenda kati ya Juni na Oktoba. Nyasi zimelala, mibuyu imepukutika, unaona mbali, na wanyama wamebanwa karibu na maji machache yaliyobaki. Mvua zikishaanza, udongo mweusi wa mbuga unanata kwenye soli mpaka kila mguu unakuwa na uzito wa tofali, nyasi zinakuficha nyoka, na bodaboda hakubali kukupeleka hata umwongeze nauli.

Kwanza ofisini

Najua hii si sehemu ya kusisimua, lakini ndiyo itakayokuokoa. Pale Nduguti pita kwa afisa wanyamapori wa halmashauri, mweleze unakwenda wapi, na nani, siku ngapi. Kijijini anzia kwa mtendaji na mwenyekiti, na kitambulisho chako cha taifa mkononi. Utaandikishwa kwenye daftari la wageni, utalipia kinacholipiwa, omba risiti. Mtu anayeonekana porini na begi bila taarifa, kwa askari wa wanyamapori, ni jangili mpaka athibitishe vinginevyo.

Na kama unataka kuwinda wewe mwenyewe, fahamu hili. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuwinda bila kibali. Habari za vibali zinaanzia kwa afisa huyohuyo wa wilaya na kwa TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Msimu unafunguliwa na kufungwa na Serikali, na kibali hakikupi pori zima. Mitego ya nyaya, sumu, mashimo, na kumfukuza mnyama kwa gari ni makosa. Twiga usimfikirie kabisa. Kama kiu yako ni kitoweo tu, tangu mwaka 2020 kuna kanuni za mabucha ya nyamapori. Nunua huko, pokea risiti, rudi nyumbani ukale kwa amani.

Wahadzabe wana fungu lao. Wameachiwa wawinde kwa ajili ya chakula kwa zana zao za asili, maana ndiyo maisha yao tangu enzi. Ruhusa hiyo haiambukizi kwa kutembea nao. Wewe ni mgeni unayetazama: ukitaka kujaribu upinde, lenga kisiki. Nyama isiingie begini mwako, hata iliyokauka, hata ya zawadi, hata kipande cha kumwonjesha mama nyumbani. Kisheria nyama, pembe, jino, kwato, ngozi na hata nyoya ni nyara za Serikali. Mwaka 2023 Iringa, mama mmoja alihukumiwa miaka 22 jela kwa kukutwa na vipande 12 vya nyama ya swala. Mahakama Kuu ilimwachia mwaka uliofuata, lakini miezi ile alikuwa ameshaikaa gerezani. Mimi siku zote nabeba unga wangu na dagaa wangu, nakula changu pembeni ya moto wao. Hawajawahi kuona ni dharau. Kwanza wanapungukiwa na mdomo mmoja.

Maji

Mtu anayetembea kwenye joto la bonde hili anahitaji lita nne hadi tano kwa siku, kunywa na kupikia. Lita moja ni kilo moja. Siku tatu ni kilo kumi na tano, na hujaweka hata kijiko. Hakuna anayebeba mzigo huo kwenye miiba na mawe akafurahi. Kwa hiyo usipange safari kwa kilomita, ipange kwa maji: kila siku ianze penye maji na iishie penye maji, na katikati ubebe lita tano zako. Kazi ya kwanza ya mwenyeji wako, kabla ya wanyama, ni kukwambia mwezi huu maji yako wapi. Mwezi uliopita hauhesabiki.

Ziwa lenyewe lisikudanganye. Eyasi ni ziwa la chumvi. Linang'aa kwa mbali kama bati jipya, na ukilifikia na kiu utaliangalia tu.

Maji matamu yako chini ya mchanga wa makorongo. Siku moja, saa kumi jioni, dumu langu likiwa limebaki na vifuniko vichache, mzee alishuka kwenye korongo kavu ambalo mimi nilishalipita. Hakuchimba katikati. Alitembea mpaka mahali ambapo korongo linapinda, akaenda upande wa nje wa kona, chini ya mti pekee uliokuwa na majani mabichi, akapiga magoti. Alichota mchanga kwa kipande cha kibuyu. Kwanza ulikuwa mweupe na moto, kisha ukawa wa kahawia, kisha ukaanza kushikana kwenye vidole. Mkono ulipozama hadi begani akaacha, akakaa. Tulikaa naye. Maji yakaja taratibu kutoka pembeni, yana rangi ya chai ya maziwa, akayachota akayamwaga. Yakaja tena, akamwaga tena. Ya tatu ndiyo aliyoyakinga kwa kibuyu, na yalikuwa ya baridi kuliko maji ya mtungi.

Chuja maji ya namna hiyo kwa kanga iliyokunjwa mara nne, uyachemshe mpaka yatokote sawasawa, au tumia vidonge vya kutibu maji kwa kufuata maelezo ya pakiti. Usioshe miguu wala sufuria kwenye shimo. Chota, sogea, osha mbali. Ukikuta kisima kilichochimbwa vizuri na kuzungushiwa miiba, hicho kina mwenyewe, mara nyingi Wataturu wanaonyweshea ng'ombe. Subiri mtu, salimia, omba. Kunyimwa maji ukiwa umeomba ni jambo ambalo halijanikuta.

Mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi, simama kivulini unywe kabla hujasikia kiu. Mwenzako akianza kuhara au kulegea, mchanganyie lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kufuta si vya mlima. Ndiyo maana sukari na chumvi havitoki kwenye begi langu hata nikipunguza vingine vyote.

Kinachobaki begini

Lenga kilo kumi na mbili, maji yakiwemo. Maana yake una kilo saba za maisha yako yote.

Hema liache. Kwenye kiangazi shuka mbili nzito na turubai dogo vinatosha, na chandarua cha kufunga kwenye tawi. Sufuria moja yenye kifuniko, kijiko, kisu, tochi ya kichwani, viberiti viwili kwenye mifuko tofauti ya nailoni. Unga nusu kilo kwa siku, dagaa, karanga za kukaanga. Kama una ndugu Usukumani au unapita mnadani, nunua matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa: ni mepesi, hayaozi, unatafuna huku unatembea, na hayahitaji moto. Sijaona biskuti iliyoyazidi. Mchele uache nyumbani, unakula maji mengi.

Nguo ziwe za mikono mirefu na suruali nzito, rangi ya kahawia au kijani iliyofifia. Bluu na nyeusi ziache, maana ndorobo wanazipenda rangi hizo, na ndorobo wa bonde hili wanauma juu ya shati. Wanaweza pia kuleta malale. Ukirudi ukapata homa isiyoeleweka, mwambie daktari ulikuwa wapi.

Miguuni kuna ubishi. Wenyeji wengi wanavaa katambuga, zile ndala za tairi, na mwiba wa mgunga unaishia kwenye mpira. Mimi na miguu yangu ya ofisini navaa buti la turubai lenye soli ngumu, lililokwisha kuvaliwa angalau mwezi mzima. Buti jipya ni adhabu. Begi lenyewe likaze kiunoni, vitu vizito viwe karibu na mgongo, na kisiwepo kitu cha kugongana. Kabla ya kuondoka ruka mara tatu ukiwa umelivaa. Ukisikia kelele, fungua upange upya. Swala alisikia kabla yako.

Zawadi nazo zina uzito wake. Beba misumari mirefu: mafundi wa Kihadzabe wanaigonga juu ya jiwe mpaka inakuwa ncha ya mshale, na wataithamini kuliko fulana yenye maandishi. Chumvi, tumbaku kidogo kama unaona sawa, unga. Pombe hapana. Viroba vilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, lakini gongo haikosi njia, na wageni wanaolipa matembezi kwa chupa wameziharibu kambi ambazo zilikuwa na wawindaji hodari. Malipo ya fedha mpatane mapema, mbele ya mtu wa kijiji, na umlipe aliyekutembeza mkononi mwake.

Nyuma ya upinde

Mnaondoka kabla jua halijachomoza, saa kumi na moja na nusu. Saa tano mnakaa kivulini, saa tisa na nusu mnanyanyuka tena. Utafiti uliofanywa na Herman Pontzer na wenzake, uliochapishwa mwaka 2012, ulipima mwendo wa wanaume wa Kihadzabe ukapata wastani wa kilomita 11.4 kwa siku. Ukisikia hivyo utaona ni kidogo, mtu anatoka Nduguti na baiskeli anapita hapo kabla ya chai. Lakini kilomita hizo haziko barabarani. Ni za kuinama chini ya miiba, kusimama ghafla, kurudi nyuma hatua kumi, kupanda jabali kutazama, kushuka.

Kaa nyuma yake hatua kumi na tano, si tatu. Ukimkaribia sana anakusikia wewe badala ya pori. Akisimama simama hapohapo, hata mguu mmoja ukiwa hewani, na ushushe polepole. Akichuchumaa chuchumaa. Usimwulize kitu, kama anataka ujue atakuonyesha kwa kidole au kwa kidevu. Tazama anavyochota vumbi na kuliachia lipeperuke: anatafuta upepo unakwenda wapi, maana harufu ya sabuni yako inafika kabla yenu. Siku hizo oga kwa maji matupu.

Mishale yake haifanani. Ile ya mti mtupu iliyochongwa ncha ni ya ndege na wanyama wadogo, kanga, kwale, pimbi. Ya chuma kipana ni ya wakubwa. Na kuna ile iliyofungwa ukanda wa ngozi kwenye shingo ya chuma. Usiiguse hata ukipewa. Chini ya ukanda kuna sumu nyeusi kama lami, na mojawapo ya sumu hizo inatoka kwenye utomvu wa ule mti wa shina nene na maua ya waridi ambao watu wa mjini wameupanda kwenye vyungu barazani wakidhani ni ua tu.

Mara moja tu nimeuona mshale ule ukitoka. Ilikuwa swala pala dume, amekaa upande wa kundi, kichwa chini. Mzee alikuwa ameacha ndala zake nyuma na kutambaa pengine dakika arobaini kwa umbali ambao mtoto angeukimbia akiimba nusu wimbo. Sikusikia upinde. Nilisikia kama mtu amepiga kofi mfuko wa unga, na kundi likatawanyika. Mimi nikanyanyuka kukimbia. Akanishika kwenye suruali akanikalisha.

Kisha akafanya kitu ambacho sikukitarajia: akatoa kiko chake cha jiwe akavuta. Mnyama aliyechomwa mshale wa sumu akifukuzwa atakimbia mbali sana. Akiachwa, ataenda mahali alale. Mzee aliifuata damu hatua chache tu, akaokota mti wa mshale uliovunjika, akaangalia umeingia kiasi gani, akatazama jua, akasema turudi. Asubuhi tulikwenda watu watano. Nyayo zilionekana kwao kama maandishi ubaoni. Mimi nilichoona ni mawe. Tulimkuta chini ya mkole saa tatu. Fisi walikuwa wamekwisha kuchukua paja moja.

Kwa mnyama mkubwa kuna sehemu za nyama ambazo ni za wanaume waliostahili tu, mambo ya epeme, na ngoma yake inachezwa usiku usio na mwezi. Usiulize, usipige picha, usiombe kuonja. Wakikutaka ukae mbali, kaa mbali.

Siku nyingi hampati kitu. Hilo lisikushangaze wala usimlaumu mtu. Wanyama wamepungua, mifugo imeongezeka, mashamba ya vitunguu yameyafuata maji. Utarudi kambini na kanga mmoja, au na mikono mitupu na mdomo mwekundu wa matunda ya porini.

Au na asali. Mlembe, yule ndege wa kijivu anayekuja juu ya kichwa chenu akipiga kelele kama kiberiti kinachotikiswa, anaita mtu amfuate kwenye mzinga. Wahadzabe wanamjibu kwa mluzi. Watafiti walioandika mwaka 2014 walikuta kwamba ukimfuata ndege huyu unaongeza uwezekano wa kupata nyuki zaidi ya mara tano. Sisi tuliokulia kwenye hadithi za bibi tunaamini lazima umwachie mlembe sega lake, la sivyo kesho atakupeleka kwa simba. Wazee wa huku, nimewaona kwa macho, wanalichoma sega lililobaki ili ndege abaki na njaa aendelee kutafuta. Nilipouliza kuhusu simba walicheka mpaka wakakaa chini.

Wanaupanda mbuyu kwa vigingi wanavyovipigilia kwenye shina, kimoja juu ya kingine. Vigingi hivyo wewe usivipande. Kusanya kuni, kaa upande ambao moshi hauji, na subiri asali chini kama watoto wengine.

Usiku

Moto unawashwa mapema, jua likiwa bado. Lala umbali wa hatua mbili kutoka motoni, chini kuwe kumefagiwa, na begi liwe mto wako. Vyakula vyote vifungwe. Fisi hachagui, buti la jasho kwake ni nyama. Asubuhi kung'uta viatu na shuka kabla ya kuvaa, kwa ajili ya nge.

Utaamka mara nyingi, na kila ukiamka utakuta mtu ameshaamka. Mmoja anachokoa moto, mwingine anakohoa, mwingine anasimulia kitu nusu sauti. Nilidhani wananilinda mimi. Mwaka 2017 ulitoka utafiti wa usingizi wa Wahadzabe 33 kwa siku 20: muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu, kwa siku zote hizo zikijumlishwa. Wazee wanalala mapema wanaamka mapema, vijana wanachelewa, na kambi haikosi macho. Basi usichukie kuamka saa nane usiku. Ongeza kuni, ndiyo zamu yako.

Nyoka ndiye wa kuogopwa kuliko fisi, na kifutu kuliko wengi, kwa kuwa hakimbii. Analala njiani umkanyage. Mtu akiumwa, usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kubana. Mlaze, funga mguu kwenye kijiti usicheze, vua pete na viatu kabla ya uvimbe, na mbebeni. Yeye asitembee. Kabla ya safari uliza kwenye hospitali ya wilaya au Hospitali ya Kilutheri ya Iambi kama wana dawa ya sumu ya nyoka wiki hiyo, na uwe na namba ya bodaboda mmoja anayejua njia ya Munguli usiku. Swali hilo linachukua dakika tano, na jibu likiwa hapana, ahirisha.

Ukirudi, usipitilize moja kwa moja hadi stendi. Ingia tena kwa mtendaji. Nililifungua daftari lile safari iliyopita nikapekua kurasa za nyuma: tarehe za kuingia zimejaa vizuri, majina, simu, saini. Safu ya kutoka karibu yote ni nyeupe. Siku mtu atakapopotea kweli, hakuna atakayejua aanze kumtafuta nani. Jaza safu yako.